Acha Kiatu, Chukua Nyundo

Ploti yetu ya Kondele, Kisumu, ina nyumba kumi na mbili, bomba moja la maji na nyundo moja. Bomba ni la mwenye ploti. Nyundo haijulikani ni ya nani. Wapangaji wa zamani husema iliachwa na mtu aliyehama usiku akidaiwa kodi. Wengine husema ni ya keateka, na keateka mwenyewe huapa kwamba hajawahi kununua nyundo maishani mwake. Leo iko kwa dereva wa tuktuk wa nyumba ya mwisho, kesho utaikuta imezuia mlango wa bafu usipigwe na upepo. Anayeitaka hutuma mtoto abishe hodi mlango baada ya mlango, na mtoto akirudi nayo hukuta kazi imeshamalizwa kwa jiwe.

Mpini wa nyundo hiyo ulikuwa umelegea siku nyingi, na dawa ya ploti ilikuwa ileile: kuitumbukiza kichwa chini kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi huamka imekaza. Fundi mmoja wa soko la Kibuye alikuja kunieleza baadaye kwamba dawa hiyo ni mkopo wa riba. Mti ukinywa maji hufura, na kwa kuwa umebanwa na tundu la chuma hauna pa kwenda, nyuzi zake hupondeka humohumo. Ukikauka husinyaa, ukawa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Dawa ya kweli ni kabari: kipande kidogo cha mti mgumu au cha chuma kinachopigiliwa juu ya mpini, pale unapochungulia kutoka kwenye tundu, ili utanuke na kukamata.

Kabari hiyo haikuwekwa na mtu. Kwa hiyo, Jumamosi moja jirani yetu akipigilia msumari wa kamba ya nguo, kichwa cha nyundo kilichomoka, kikapita juu ya mashuka, kikatua ndani ya beseni la unga wa jirani anayeuza mandazi. Hakuna aliyeumia. Unga ulikuwa umeumuka vizuri, ukakipokea bila kelele. Mwenyewe alikitoa, akakifuta kwa leso, akaendelea kukanda. Lakini siku ile ploti nzima ilikula mandazi polepole, kwa adabu nyingi.

Ndipo mume wangu, Baba Watoto, alipotangaza: "Kuanzia leo, nyumba hii itakuwa na vifaa vyake."

Tangazo hilo lilikuwa na sababu nyingine. Mama yake alikuwa njiani kutoka Gem, kuja kliniki ya hospitali ya Jaramogi, ile ambayo Kondele nzima bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Angekaa kwetu kwa muda, na mwanawe alikuwa amemwahidi kwa simu rafu ya ukutani ya chupa zake za chai na sahani zake. Fundi aliitwa, akatazama ukuta, akataja bei. Baba Watoto alicheka kicheko cha mtu aliyetukanwa.

Ni lazima mjue kwamba Baba Watoto ni zao la mfumo wa 8-4-4, ule ulioanza mwaka 1985 ukitaka kila mtoto atoke shuleni na ujuzi wa mikono. Katika mtihani wa Sanaa na Ufundi wa darasa la nane alipeleka kigoda cha miguu mitatu, na alama alizopata amezitaja katika kila harusi tuliyohudhuria. Mtu wa kigoda hawezi kumlipa mtu mwingine kwa ajili ya rafu.

Sanduku

Alirudi kutoka mjini na sanduku jeusi la plastiki lenye mshikio, lililoandikwa nje kwamba ndani mna vipande zaidi ya mia. Alilifungua juu ya meza ya kulia chakula, watoto wakasogea. Kweli vipande vilikuwapo, vinang'aa, kila kimoja kimechomekwa mahali pake. Vingi vilikuwa soketi za kufungulia nati, za kila ukubwa. Sisi hatuna gari, hatuna pikipiki. Kitu pekee nyumbani mwetu kinachofungwa kwa kuzungushwa ni jiko la mtungi wa gesi, na hilo hufungwa kwa mkono.

Nyundo ilikuwamo, nyepesi, mpini wake wa plastiki. Plaisi ilikuwamo. Futikamba fupi, na bisibisi yenye vichwa vya kubadilisha. Msumeno haukuwamo, wala pima maji. Juu ya soketi zilikuwa zimechapwa herufi Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi ili kiwe kigumu na kisikatike ovyo. Muhuri huo ni mzuri kuuona, ila kuuchapa juu ya chuma laini hakumgharimu mtu chochote.

Fundi wa Kibuye hanunui sanduku. Hununua kimoja kimoja, kazi inapokidai, na huwa na njia zake za kukihoji kifaa kabla ya kutoa pesa. Nyundo ya mpini wa mti huielekeza machoni akafuata nyuzi za mti: zikienda sambamba na mpini toka juu hadi chini, anainunua, zikikata upande, anajua utavunjika palepale zinapokatia. Patasi huijaribu kwa tupa kuukuu karibu na makali: tupa ikiteleza, chuma kimepikwa kikawa kigumu, tupa ikiuma na kutoa unga, hicho ni cha kukatia keki. Bisibisi huitazama ncha, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi yote.

Ncha ndizo zilizotuangusha kwanza. Baba Watoto alitaka kujaribu sanduku kwenye bawaba ya mlango wa jikoni iliyokuwa ikilalamika. Skrubu zilikuwa za msalaba, na bisibisi aliyoichukua ilikuwa ile tunayoiita ya staa. Msalaba wa kawaida una jina la Mmarekani Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936, na magari ya Cadillac yakawa ya kwanza kuutumia. Lakini kuna msalaba wa pili unaofanana nao, Pozidriv, wenye mistari minne midogo zaidi katikati ya mikono ya msalaba. Ukiingiza ncha ya ule wa kwanza katika skrubu ya huu wa pili, inaingia, inakudanganya, kisha inaruka nje na kukwangua. Skrubu zetu zilikuwa na ile mistari midogo. Bisibisi iliruka mara chache tu, na msalaba ukawa shimo la duara. Bawaba ikabaki na skrubu isiyotoka wala kukaza, na ncha ya bisibisi ikabaki butu.

"Skrubu mbovu," alisema Baba Watoto, akaihamia rafu.

Tisini

Futikamba alipoivuta aliona kindoano cha mwanzoni kinachezacheza. Akakihurumia. Akakilaza kwenye kizingiti, akazigonga ribiti zake mpaka kikatulia kabisa, akaridhika kwamba amekwisha kutengeneza kitu kimoja. Mwalimu wa nyumba ya tano, aliyekuwa akipita, alimweleza kwamba kindoano hicho hucheza makusudi: ukikivuta ukingoni mwa ubao husogea nje kwa unene wake chenyewe, ukikisukuma ukutani hurudi ndani kwa unene uleule, ili kipimo cha nje na cha ndani vilingane. Kikikazwa, kimoja kati ya vipimo hivyo hudanganya. Tofauti ni kama milimita moja, lakini milimita hiyo itakuwa nawe katika kila kazi mpaka futikamba ife. Baba Watoto alimshukuru mwalimu kwa sauti ya mtu asiyehitaji msaada.

Kisha akapima ukuta, akaandika kwenye karatasi namba moja, 90, akamtuma kijana wetu mkubwa kwa wauza mbao wa Kibuye.

Yeye alikuwa amesoma upande wa sentimita. Lakini mbao za Kenya bado zinaishi katika futi na inchi: utauziwa sita kwa moja, mbili kwa mbili, na urefu kwa futi. Muuza mbao alipoiona 90 hakuwa na sababu ya kuwaza kitu kingine ila inchi. Akapima ubao wa saiprasi wa futi saba na nusu, akaukata, akalipwa kwa kila futi, na bei ya saiprasi tangu enzi ya marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyoanza 2018 na kuondolewa 2023, si ya mzaha.

Ubao ulikuja kwa bodaboda, kijana nyuma ameukumbatia, umelala upande kwa upande wa barabara. Walipita nao chini ya daraja la Kondele saa ambayo matatu za Kakamega zinagombania abiria. Kondele ina sifa yake, na watu wake wakiona mti mrefu unapita mbio huuliza kwanza kama kuna maandamano. Muuza viatu mmoja alianza kukunja turubai lake. Waliingia langoni salama, ubao ukagota pande zote mbili za lango kwa mpigo.

"Ni mrefu," nikasema.

"Mrefu ni bora kuliko mfupi," akasema Baba Watoto, na kwa hilo sikuwa na jibu. Ila mrefu unahitaji msumeno.

Meno meusi

Msumeno wa ploti, tofauti na nyundo, una mwenyewe anayejulikana, ndiyo sababu una maadui wengi zaidi. Ni wa mwalimu wa nyumba ya tano. Ameuazimisha kwa wote, na wote wameutumia kwa walichotaka. Umekata mabomba ya plastiki, umekata bati, na kila Desemba hukata mifupa ya ng'ombe. Baada ya hapo husimamishwa kwenye sakafu ya simenti nyuma ya tanki, ambako Kisumu, pamoja na unyevu wake wa ziwa na radi zake za jioni, huumalizia.

Baba Watoto aliuweka ubao juu ya viti viwili, akaanza. Msumeno uliingia kidogo, ukakwama. Akauvuta, akaurudisha, ukakwama. Saiprasi ilikuwa mbichi, utomvu unanata, na kata ilikuwa ikijifunga nyuma ya msumeno kila ulipopita.

Ukiutazama msumeno mzuri kwa karibu, meno yake hayakai mstari mmoja. Jino moja limepindishwa kidogo kushoto, linalofuata kulia, hivyohivyo mpaka mwisho, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba lenyewe na bamba lipite bila kubanwa. Msumeno wa mwalimu ulikuwa umesahau kushoto na kulia. Mifupa ilikuwa imeyanyoosha meno yote.

Tukaupeleka, pamoja na ubao, kwa mnoaji wa Kibuye, mzee mwenye jiriwa ya mbao na tupa ya pembe tatu. Aliugeuza kwenye mwanga, akatuonyesha ncha za meno: nyeusi, tofauti na bamba. "Haya hayanolewi," akasema. Meno yenye weusi ule yamechomwa kiwandani yakawa magumu kuliko tupa. Hukaa na makali muda mrefu, lakini yakishakwisha yamekwisha. Akapitisha tupa mara moja ili tuamini, ikateleza ikilia. Kwa huruma alitukatia ubao wetu kwa msumeno wake wa zamani, na kata ilipotaka kujifunga alichomeka kabari ndogo ya mti katika mwanya, akaendelea akizungumza mambo ya Gor Mahia.

Hodi

Ukuta ulikuwa umebaki. Drili Baba Watoto aliinunua kwa mtu, si dukani, nayo ilizunguka vizuri hewani. Ilipofika ukutani ilizunguka vilevile bila kuingia popote. Kulikuwa na makosa mawili yakisaidiana. Kwanza, drili haikuwa na nyundo, yaani ule mtambo wa ndani unaoipiga biti kwenda mbele huku ikizunguka. Mti hukatwa, lakini zege huvunjwa. Bila kugongwa halivunjiki. Pili, biti ilikuwa ya mbao. Biti ya ukuta hutambulika kwa kichwa chake kipana kidogo kuliko shingo, kipande cha kabidi kigumu kilichochomelewa kwenye ncha. Yetu ilikuwa nyembamba toka mwanzo hadi mwisho. Alisukuma kwa kifua. Moshi ukatoka, ncha ikageuka buluu, na chuma kilichogeuka buluu kimepoteza ugumu wake. Kisha stima ikakatika: tokeni zilikuwa zimekwisha.

Siku ya pili aliazima drili ya welda mmoja wa barabara ya Manyatta, drili ya kweli, na biti ndefu ya ukuta. Mtu anayejua angeifunga biti selotepu mahali pa urefu anaoutaka, ili ajue pa kusimama. Na angekumbuka kwamba kuta za kati za ploti hujengwa kwa bloku za inchi 4, huku biti ikiwa na urefu wa inchi 6. Drili iliunguruma, vumbi likashuka, Baba Watoto akatabasamu kwa mara ya kwanza juma lile. Biti iliingia, ikaingia, halafu ikaingia kwa wepesi kupita kiasi.

Kimya. Kisha, kutoka upande wa pili, sauti ya jirani yetu wa kike, mtulivu sana:

"Jirani, hodi hupigwa mlangoni."

Biti ilikuwa imetokea katikati ya kalenda yake.

Hata hivyo rafu ilipanda. Mashimo mengine aliyachimba kwa hofu, yakawa mafupi. Yaliyokuwa mapana mno aliyajaza vijiti alivyochonga kwa kisu, akakaza skrubu humo. Alipima kutoka sakafuni hadi mstari wa rafu, kushoto na kulia, kipimo kimoja sawasawa. Tukapanga chupa na sahani. Tukapiga picha.

Mfuko wa Mzee

Mama alifika kesho yake. Aliwekwa kwenye kiti kinachotazama rafu. Aliisifu. Akanywa chai. Likapita lori la mchanga barabarani, ploti ikatetemeka kama kawaida yake, na chupa ya Mama ya chai ikasogea upande wa mlango kiasi cha upana wa kidole.

Alinyanyuka, akairudisha. Likapita lori jingine.

"Nyar Seme," akaniita. Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimeolewa kutoka Seme. "Rafu hii inakwenda wapi?"

Baba Watoto alileta futikamba kuthibitisha. Kushoto na kulia, sentimita zilezile. Mama alisikiliza, kisha akamwaga maji kidogo sakafuni. Maji yakaondoka mbio kuelekea mlangoni. Sakafu za ploti humiminwa hivyo ili zikidekiwa maji yatoke. Baba Watoto alikuwa ameifuata sakafu kwa uaminifu mkubwa.

"Hata kile kigoda changu cha darasa la nane..." alianza kujitetea.

"Kigoda kile alikichonga baba yako usiku wa kuamkia siku ya mtihani," akasema Mama. "Wewe ulishika taa."

Sikucheka. Nilikwenda jikoni kwanza.

Jioni alipiga simu Gem, na siku ya pili ulikuja kwa matatu mfuko wa gunia uliofungwa kamba. Vilikuwa vifaa vya marehemu baba mkwe. Ujanani alifanya kazi kwenye chelezo cha meli hapa Kisumu, katikati ya miaka ya 1960, wakati MV Uhuru ilipoletwa vipande vipande kutoka Uskoti ikaunganishwa hapa ufukweni, kama walivyofanya wa kabla yao kwa meli ya William Mackinnon mwaka 1900. Mama alifungua mfuko sakafuni. Nyundo yenye mpini mweusi kwa jasho, kabari mbili za chuma zimezama kichwani. Msumeno uliovikwa kipande cha mpira wa tairi kwenye meno. Randa aliyoilaza ubavu ili wembe wake usiguse kitu. Patasi, kila moja katika kitambaa chake. Vyuma vyote vilikuwa vimepakwa mafuta ya cherehani, tabaka jembamba tu lisiloloanisha kidole. Tupa peke yake ilikuwa kavu, kwa sababu tupa yenye mafuta huteleza juu ya chuma. Hiyo husafishwa kwa brashi ya waya, na hukata ikisukumwa mbele tu, ikirudi huinuliwa isije ikang'oa meno yake yenyewe.

Baba Watoto alinyoosha mkono kuchukua nyundo. Mama akaiwekea kiganja.

"Acha kiatu."

"Mama, mimi ni mwanao."

"Kwa hiyo najua namba ya kiatu chako."

Kanuni hiyo Mzee aliitoa kazini. Katika karakana za reli na meli za zama zile kila mfanyakazi alikuwa na vibati vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua kifaa stoo, kibati kinabaki kimening'inia kwenye msumari wa kifaa hicho. Kifaa hakikosi jina hata saa moja. Alipostaafu akarudi Gem hakuwa na vibati, akatumia viatu. Kiatu kimoja, cha kushoto au cha kulia kwa hiari yako. Mama anasema kijijini kwao, ukimwona mwanamume anatembea na kiatu kimoja, usimcheke, anajenga. Kitu pekee ambacho Mzee hakukiazimisha hata kwa viatu viwili ni shoka, lile lililotangulia nao pamoja na jogoo na moto siku walipokwenda kufungua dala lao, yaani boma lao jipya.

Basi mume wangu, katika nyumba anayoilipia kodi, alifanya kazi mchana kutwa na kiatu kimoja. Mama alimwelekeza akiwa kitini. Kwanza alimtuma hadiwea ya kona akalete mita chache za mpira mwembamba mweupe unaoonyesha ndani. Wakaujaza maji, wakautikisa mpaka mapovu yote yakatoka, maana povu moja huharibu kipimo. Mtoto akashika ncha moja kushoto, baba ncha ya pili kulia. Maji yalipotulia, usawa wake pande zote mbili ukawa mmoja, sakafu ilale inavyotaka. Wakaweka alama. Tofauti na rafu ya kwanza ilikuwa upana wa vidole viwili.

Ubao nao ulikuwa umeanza kupinda, kwa kuwa ulikatwa mbichi. Mama aliutia randa upande uliotuna, maranda ya saiprasi yakajaa sebuleni, nyumba ikanukia vizuri kwa mara ya kwanza tangu kisa hiki kianze. Drili ya welda iliazimwa tena, safari hii biti imefungwa selotepu, plagi za plastiki za milimita 8 kwa biti ya milimita 8, na jirani aliarifiwa mlangoni. Mashimo ya zamani yalizibwa kwa simenti. Lori lilipita. Chupa haikusogea.

Kabla ya kurudi Gem, Mama aliomba aletewe nyundo ya ploti. Alikata mpini kidogo juu, akauingiza upya, akachonga kabari ya mti wa mpera akaipigilia. Kisha akauliza ni ya nani. Ploti ilikuwa imekusanyika; hakuna aliyejibu, keateka akatazama mbinguni. "Basi ni ya Nyar Seme," akasema, akapasha msumari kwenye jiko la makaa akaichoma namba ya nyumba yetu mpinini. Tangu hapo nina kona ya viatu nyuma ya mlango. Dereva wa tuktuk ameacha ndala, jirani wa mandazi aliacha raba, na mwenye ploti mwenyewe, alipokuja kuchukua kodi akaona bati la lango limeachia, alikwenda kulipigilia akirukaruka kwa soksi. Nyundo hurudi siku ileile. Mara nyingine hurudi imefutwa.

Lilibaki sanduku jeusi. Baba Watoto alikubali, baada ya majadiliano, kwamba pesa zake zingetufaa zaidi katika pima maji, bisibisi mbili za ncha tofauti na chupa ya mafuta ya cherehani. Akampata fundi wa pikipiki wa karibu na stendi, mtu ambaye soketi ndizo riziki yake. Fundi alilifungua juu ya tangi la pikipiki, akaona mapengo mawili matatu ya ncha za bisibisi, kisha akatoa soketi moja moja, akizigeuza kwenye jua, akishangaa.

"Mzee, umekaa navyo siku nyingi?"

"Nyingi."

"Mbona viko vipya hivi?"

Baba Watoto alijiweka sawa, akashika mkanda wa suruali.

"Nilivitunza," akasema.